Wembe, Dawa na Uzi: Nywele za Kipilipili kutoka Masieda hadi Saluni

Unywele wa kipilipili huota kwenye kinyweleo kilichopinda. Ukikatwa kwa upana, mkato wake ni bapa kama yai, wala si duara kamili. Kwa sababu hiyo hujikunja tangu unapotokeza kichwani, na mafuta ya ngozi ya kichwa hushindwa kuteremka kwenye mizunguko yake hadi nchani. Ncha hukauka, na zikichanwa kwa nguvu hukatika. Mengi ambayo watu wa Afrika Mashariki wamezifanyia nywele zao, iwe kunyoa, kupaka, kusuka au kunyoosha kwa dawa, yanaweza kusomwa kama majibu ya ukavu huo.

Tuanzie Masieda, upande wa Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, Tanzania, katika nchi ya Wairaqw wakulima na wafugaji, Wadatooga wafugaji, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda. Hapa jibu la kwanza la ukavu lilitoka zizini. Siagi iliyosukwa katika kibuyu ilipakwa mwilini, na mafuta yalilainisha sketi za ngozi za wanawake wa Kidatooga, ambazo hadi leo ni alama ya heshima ya mwanamke aliyeolewa. Ngozi ya mtu na ngozi ya ng'ombe zilitunzwa kwa kitu kilekile, katika nchi ambayo upepo wa kiangazi hupasua midomo.

Jibu la pili lilikuwa wembe, na hapa inafaa kuwa makini. Siku hizi husemwa kwamba kuacha dawa ya kunyoosha ni kurudi kwenye nywele ndefu za mabibi. Pwani maneno hayo yana ukweli fulani, lakini kwa jamii za wafugaji wa kaskazini hayafai. Kwa Wamaasai, mwenye nywele ndefu alikuwa morani, kijana wa rika la vita, aliyezisokota na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu, hadi siku ya sherehe ya eunoto mama yake alipomnyoa na ujana wake wa kivita ukakoma. Wanawake walinyoa kichwa chote, na urembo wao ulikuwa kwenye shanga za shingo na masikio. Msichana wa nyanda hizi anayefuga nywele zake leo bila dawa anaanza jambo jipya, na upya huo haulipunguzii thamani.

Dawa ya kienyeji iliyodumu hadi leo ni mafuta ya nyonyo. Mnyonyo, ambao wengine huuita mbarika au mbono, asili yake ni Afrika ya Mashariki, nao hujiotea kando ya mashamba na majalalani bila kupandwa. Mbegu zake hukaangwa, hutwangwa kinuni, kisha hupikwa kwa maji hadi mafuta yaelee na kuenguliwa. Ni kazi ya kufanywa kwa uangalifu, kwa maana mbegu mbichi ina sumu kali. Mafuta yanayopatikana ni mazito na yananata kama asali. Uzito huo hutokana na asidi ya risinoleiki, ambayo ni karibu asilimia 90 ya mafuta hayo, na ndio unaozuia maji yasitoke ndani ya unywele. Kwamba nyonyo huotesha nywele ni dai ambalo sayansi haijalithibitisha. Nyonyo inachofanya ni kuzikinga zisikatike, na nywele zisizokatika huonekana zimerefuka.

Pwani na visiwani palikuwa na utajiri mwingine: mafuta ya nazi, hina, moshi wa udi, na vikuba vya asmini na mkadi vilivyobanwa kwenye nywele. Ususi nao ulienea bara na pwani kwa majina ya kila mtaa. Twende kilioni ni misuko iliyonyooka kurudi nyuma bila mapambo, ya mtu aliyepata habari ya msiba na hana muda wa kukaa chini ya msusi. Nywele za uzi zinahitaji subira zaidi. Mteja hukaa mkekani, mgongo ukiegemea magoti ya msusi. Chanuo hugawa kichwa katika miraba, kisha uzi mweusi huzungushwa kwenye fungu moja kuanzia shinani, mzunguko juu ya mzunguko, kila mara ukivutwa kidogo, hadi fungu lote linasimama kama kijiti. Vijiti hivyo hupindwa na kuunganishwa viwe matao. Vikifunguliwa baada ya wiki, nywele zimenyooka na kurefuka bila moto wala kemikali, na gharama yake ni kibunda cha uzi.

Serikali nayo iliwahi kuingia kichwani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika Mkoa wa Arusha, ambao wakati huo ulijumuisha Mbulu na Hanang, ilifanyika kampeni ya kuwafanya Wamaasai waache rubega, udongo mwekundu na nywele za kusokotwa. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, lililopiga marufuku minisketi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana, kuanzia Januari 1, 1969. Kampeni ya kwanza iliona aibu kwa nywele za kimila, ya pili ikakemea nywele za kuiga ugenini. Kati ya makatazo hayo mawili, kichwa kilichobaki bila lawama ni kile kilichokatwa kifupi.

Dawa ya kunyoosha ilikuwa na safari yake. Huko Chicago, George Johnson alianzisha kampuni ya Johnson Products mwaka 1954, na bidhaa zake zikachangia kuiingiza dawa katika saluni za watu weusi. Ndani yake mlikuwa na hidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki ileile ya kutengenezea sabuni, inayovunja viungo vya salfa vinavyoupa unywele mkunjo wake. Nyingi kati ya dawa zilizokuja kuuzwa kama zisizo na kostiki hutumia hidroksidi ya kalsiamu, ambayo ni chokaa iliyozimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni nyingine ya Marekani, Pro-Line, iliuza kiboksi cha kutia mawimbi nyumbani kwa jina la Curly Kit. Afrika Mashariki ikalimeza jina hilo, na hadi leo mtindo ule wa nywele zinazong'aa na kuchuruzika mafuta shingoni huitwa kalikiti.

Tanzania iliporuhusu mwaka 1984 watu waagize bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na ruksa ya Rais Mwinyi, yaani kulegezwa kwa masharti ya biashara, ikafuata kuanzia 1985, makopo ya dawa yalijaa madukani. Kwa wanawake wengi dawa iliingia kupitia mlango wa shule. Shule nyingi za serikali humtaka msichana awe na nywele fupi, kwa hiyo wengi humaliza kidato cha nne bila kuwahi kuziosha, kuzichana wala kuzifunga nywele zao zikiwa ndefu. Mara zinapoachwa ziote huonekana ngumu, na pa kukimbilia ni dawa. Hasara hii ya maarifa ni kubwa kuliko hasara ya nywele zenyewe.

Wimbi la kuacha dawa lilikua mijini katika miaka ya 2010, likichochewa na vidonda vya kichwa, nywele zilizonyonyoka kwenye paji, na simu zilizoonyesha vichwa vya namna nyingine. Oktoba 2022 watafiti wa Marekani waliowafuatilia wanawake 33,497 walikuta kwamba waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara 4 kwa mwaka walikadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 4.05 wa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70, dhidi ya 1.64 kwa wasiotumia. Utafiti huo ulionyesha uhusiano, haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini unatosha kumfanya mtu atafakari kabla ya kurudia dawa.

Kuvuka kutoka nywele za dawa hadi nywele za asili kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukata zote zenye dawa na kuanza upya. Ya pili ni kuziacha mpya ziote, kama sentimita 1 kwa mwezi, huku za zamani zikipunguzwa kidogo kidogo kwa mwaka mmoja hadi miwili. Hatari ya njia ya pili iko pale mkunjo unapokutana na unyoofu, kwa kuwa hapo unywele hukatika upesi. Nywele za uzi, zikisukwa bila kukaza, hulisitiri eneo hilo kuliko pasi au kitana cha moto.

Bidhaa huchaguliwa kulingana na maji na hewa ya mahali. Visima vingine vina maji magumu, ambayo hukutana na sabuni ya mche na kuacha utando mweupe unaokausha nywele. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati husuuza vizuri zaidi, na shampuu isiyo kali hufaa kuliko sabuni ya kufulia. Gliserini, inayopendwa pwani kwa sababu huvuta unyevu hewani, katika kiangazi cha Mbulu, Juni hadi Oktoba, inaweza kuuvuta kutoka kwenye unywele wenyewe. Hapo huanza maji, hufuata losheni, kisha nyonyo kidogo nchani. Nywele nyepesi hulemewa na nyonyo, nazo hutosheka na mafuta ya parachichi au alizeti, zao ambalo mikoa ya kati na kaskazini inalikamua kwa wingi. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kwa hiyo kopo lenye alama yake na orodha ya viambato linaweza kuulizwa maswali. Mafuta ya mnadani yaliyomiminwa kwenye chupa ya soda hupimwa kwa pua na vidole: nyonyo halisi hunata, na harufu yake ni ya mbegu iliyokaangwa.