Kutoka foni hadi Starlink: kisanduku cha nyumbani nacho ni sehemu ya rezo

KYAVINYONGE – Rezo ikikatika katika kijiji hiki cha wavuvi, pembeni ya Ziwa Edouard, lawama huenda moja kwa moja kwa kampuni ya simu. Mara nyingi lawama hizo ni za haki. Mnara ukikosa mafuta au betri, hakuna kifaa cha nyumbani kitakachoufufua. Lakini kuna siku mnara unafanya kazi, mega zipo, na bado sauti ya mtoto anayesoma Butembo inakatika kila baada ya neno la tatu. Mzazi anabadilisha kadi ya simu, ananunua mega za kampuni nyingine, na hali inabaki ile ile. Hapo kosa linaweza kuwa ndani ya nyumba, katika kile kisanduku ambacho wengi huita tu "wifi" na mafundi huita ruta.

Jambo hili si la leo. Lilianza kabla ya intaneti.

Kyavinyonge ni kati ya vijiji vya uvuvi vinavyotambuliwa ndani ya mbuga ya Virunga, pamoja na Vitshumbi na Nyakakoma. Samaki wake wanapanda kwenda Butembo na Beni, na samaki mbichi hangoji. Anayejua bei ya soko asubuhi anauza vizuri. Anayeijua jioni anauza kwa hasara. Ofisi ya serikali ya posta na simu ya Zaire, ONPTZ, iliporomoka pamoja na nchi, na kufikia miaka ya 1990 waya za simu hazikuwa tena tegemeo la mfanyabiashara. Kilichobaki kilikuwa foni: redio ya masafa mafupi iliyofungwa kwenye betri ya gari, pamoja na waya mrefu uliotundikwa kati ya miti miwili. Misheni, mashirika ya misaada na wafanyabiashara wa Kivu waliitegemea.

Foni haikuwa na mnara wala kampuni. Mawimbi yalipanda hadi tabaka la juu la anga, yakarudishwa chini mamia ya kilomita mbali. Ubora wa sauti ulikuwa mikononi mwa mwenye kifaa. Kwa masafa ya megahezi 7, waya wa antena unatakiwa kuwa na urefu wa karibu mita 20. Ukikatwa vibaya, sehemu ya nguvu inarudi kwenye mashine badala ya kutoka nje, na mashine inaweza kuharibika. Mchana yalitumika masafa ya juu zaidi, usiku ya chini zaidi, kwa sababu anga lenyewe linabadilika jua likizama. Watu wawili wenye redio ya aina moja, katika mtaa mmoja, mmoja alisikika Goma na mwingine akasikika kama mtu anayeongea chini ya maji. Tofauti ilikuwa waya, betri na mkono wa fundi. Na siri haikuwepo kabisa: bei ya samaki iliyotajwa kwenye foni ilisikiwa na kila aliyefungulia masafa hayo, washindani wako wakiwemo.

Baada ya mwaka 2000 zilikuja simu za mkononi za Celtel, kisha Vodacom mwaka 2002, na katika miji kama Butembo vyumba vya intaneti vilivyotegemea satelaiti. Satelaiti za wakati huo zilikaa kilomita karibu 35,786 juu ya ikweta. Swali kwenda na jibu kurudi lilichukua zaidi ya nusu sekunde, hata kama laini ni nzima kabisa. Kompyuta hutuma sehemu ya data, hungoja thibitisho, ndipo huendelea. Kwa umbali ule, muda mwingi uliishia katika kungoja. Modemu nzuri ya satelaiti ilijibu yenyewe, papo hapo, kwa niaba ya upande wa pili, ili kompyuta isisimame. Modemu isiyo na ujanja huo ilionekana mbovu ingawa mwenye chumba alilipia kasi ile ile kwa mwezi.

Tatizo la pili lilikuwa foleni. Kompyuta kumi zinagawana laini nyembamba. Moja inaanza kupakua programu ya kupambana na virusi, na mteja wa kompyuta ya tano, aliyekuja kuongea na ndugu yake Ulaya, anapoteza sauti. Alilipia dakika zake, akaondoka na hasira. Wenye vyumba waliojua kazi walinunua ruta za kugawa laini, kama zile za MikroTik, kampuni ya Latvia iliyoanza mwaka 1996. Ruta hizo zinampa kila mtumiaji sehemu yake na kuzuia mmoja asile chakula cha wote.

Wengi walidhani shida hiyo ni ya maskini wenye laini nyembamba. Sivyo. Mwaka 2010, Jim Gettys, mhandisi wa Bell Labs huko Marekani, aliona laini yake ya nyumbani, ya kasi na ya bei, ikichelewa zaidi ya sekunde nzima kila alipotuma mafaili makubwa. Alifuatilia, akakuta kosa halikuwa kwenye waya wa barabarani. Vifaa vyenyewe, modemu na ruta zikiwemo, vilikuwa na ghala kubwa mno la kuhifadhi data inayongoja zamu. Watengenezaji waliongeza kumbukumbu kwa sababu ilikuwa rahisi bei, wakidhani wanasaidia. Matokeo yake, neno la simu lilipanga foleni nyuma ya picha elfu. Mwaka 2012, Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa njia ya kudhibiti foleni hiyo, na ikaingia katika programu huria ambazo baadhi ya ruta zinatumia. Ruta ya bei ndogo isiyo nayo bado inauzwa kila mahali. Sanduku lake linatangaza kasi kubwa, na juu ya foleni halisemi neno.

Kwa Kyavinyonge, zama za leo ni za ruta ya kadi ya simu. Celtel imekuwa Zain, kisha Airtel. Congo Chine Telecom imekuwa Orange. 4G ilikuja baadaye na kusambaa polepole. Majina yanabadilika, mabati ya nyumba yanabaki, na mabati ni adui. Mawimbi hayapiti kwenye chuma. Ruta iliyowekwa katikati ya nyumba ya mabati inasikia mnara kupitia dirisha tu. Ile yenye tundu la kuunganisha antena ya nje, ikipandishwa juu ya paa na kuelekezwa kwa mnara, inaweza kugeuza laini ya kukatika-katika kuwa laini ya kuongelea. Ukurasa wa mipangilio ya ruta unaonyesha nguvu ya 4G kwa namba: karibu na -80 ni nzuri, karibu na -115 ni ukingoni. Namba hiyo inasema ukweli kuliko vijiti vinne vya kwenye skrini.

Kuna jambo lingine sokoni. Ruta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kukosa masafa yanayotumika Afrika. Itawaka, taa zitapendeza, lakini itanasa rezo ya zamani tu, au isinase kitu. Muuzaji wa mitumba hana sababu ya kukuambia. Na upande wa pili wa ziwa ni Uganda. Maji hayana vilima vya kuzuia mawimbi, kwa hiyo simu iliyoruhusiwa kutumia rezo za kigeni inaweza kuruka huko na kumla mwenyewe yunite.

Halafu umeme, ambao watu wa foni waliuelewa kuliko sisi. Ruta nyingi ndogo zinatumia volti 12, sawa na betri ya jua. Wengi hupitisha umeme wa betri kwenye mashine ya kuugeuza kuwa volti 220, kisha chaja ya ruta inaurudisha kuwa 12. Nguvu inapotea mara mbili. Betri ikichoka, ruta inazima na kuwaka tena, na kila mara inachukua dakika nzima au zaidi kuutafuta mnara. Mwenye nyumba anasema rezo imekatika, kumbe ni betri. Kuiunganisha moja kwa moja nako kuna hatari, maana betri inayochajiwa hupita volti 14; kinachohitajika ni kifaa kidogo cha kusawazisha volti katikati.

Sasa mazungumzo yote ni juu ya Starlink. Serikali ya Kongo iliipiga marufuku mwezi wa tatu 2024, ikiwa haina leseni, kisha ikaipa leseni mwezi wa tano 2025. Satelaiti zake ziko kilomita karibu 550 tu juu, kwa hiyo ile nusu sekunde ya zamani imeondoka. Mabati hayasumbui sahani, kwa sababu inakaa juu yake. Lakini kisanduku kinachogawa wifi kiko ndani ya nyumba, na watu kumi wakiunganishwa, foleni ni ile ile ya chumba cha intaneti.

Anayetaka kuongeza ruta yake mwenyewe ya kugawa laini, na hasa anayenunua kifaa cha mtumba, ageuze kwanza kile kisanduku. Ruta iliyokuja na sahani ya mstatili ya mwisho wa 2021 haina tundu la waya wa intaneti. Adapta inauzwa peke yake. Ile ya kizazi kilichofuata ina matundu mawili.