Mkondo wa Mvujo katika Pini za Chipu Isiyo na Umeme

Mkondo wa mvujo wa aina hii ni ule unaopenya kupitia pini za kupokelea ishara za chipu iliyokatiwa umeme, wakati chipu nyingine iliyounganishwa nayo ingali inafanya kazi. Huonekana zaidi katika vifaa vya betri, ambamo maikrokontrola huzima moduli ya redio au kadi ya kumbukumbu ili kuokoa chaji, lakini betri ikaendelea kuisha.

Chanzo chake ni kinga yenyewe. Pini nyingi za chipu za CMOS hulindwa dhidi ya umeme tuli kwa dayodi mbili, moja ikiiunganisha pini na laini hasi na nyingine ikiiunganisha na laini chanya. Kwa kawaida dayodi hizo hazipitishi kitu, ila laini chanya inaposhuka hadi volti 0 huku pini ikishikiliwa kwenye volti 5, dayodi ya juu hufunguka, na volti zipatazo 4.3 huweza kuingia katika laini hiyo kwa mlango wa nyuma. Chipu basi haizimiki kabisa wala haifanyi kazi sawasawa, na mara nyingi hukataa kuanza upya inaporudishiwa umeme. Mkondo ukiwa mkubwa, tabaka za silikoni huweza kugeuka thairista isiyokusudiwa, ambayo ikishafunguka haijifungi mpaka umeme ukatwe, na chipu ikaungua.

Dawa ya kwanza haigharimu chochote: programu ishushe pini zote zinazoielekea chipu hadi volti 0 kabla ya kuikatia umeme. Laini ya mawasiliano ya mfululizo husahaulika kuliko zote, kwa kuwa inapokuwa kimya hukaa juu. Rezista ya kiloomu 10 iliyowekwa kati ya chipu mbili hupunguza mkondo hadi takriban miliampia 0.43, kiasi kisichoweza kuunguza chipu lakini kikubwa mno kwa kifaa kinacholala kwa maikroampia chache. Kuitegemea peke yake ni kutibu nusu ya ugonjwa. Palipo na nafasi, ni bora kutumia chipu za kati za familia ya 74LVC, ambazo pini zake za kupokelea hazina dayodi ya kuelekea laini chanya, na ambazo matoleo yake ya geti moja huruhusu mvujo usiozidi maikroampia 10 pini ikiwa na volti 5.5 na chipu ikiwa haina umeme.

Katika basi ya I2C, iliyobuniwa na Philips, rezista za kuvutia juu zinazohudumia chipu inayozimwa peke yake hufungwa kwenye laini chanya ya chipu hiyo, ili zizimike pamoja nayo. Swichi nayo hukata upande chanya, kwani ikikata upande hasi, mkondo hutafuta njia ya kutokea kupitia pini yoyote iliyo kwenye volti 0, na hapo hata kushusha pini hakusaidii.