Kutoka kibanda cha simu hadi "Mambo?": historia fupi ya kujuliana hali

Wasomaji wangu, hamjambo? Bila shaka mmejibu "hatujambo", hata wale ambao leo wana jambo. Mtaona baadaye kwa nini nimeanza na jibu hilo.

Riziki yangu ni kuandika programu za kompyuta (au tarakilishi, kwa wanaopenda neno hilo), na kazi hiyo naifanyia hapa Gilgil. Ukitoka Nairobi kwenda Nakuru utapita Naivasha, kisha utatukuta sisi. Wasafiri wengi wanaukumbuka mji huu kwa mizani ya malori na kambi ya jeshi. Wachache wanakumbuka kwamba hapa palikuwa na kiwanda cha vifaa vya simu. Kiliitwa Gilgil Telecommunications Industries, kwa kifupi GTI, nacho kilikuwa mkono wa Shirika la Posta na Simu la Kenya, KPTC. Enzi zake zimepita, lakini kila nikikifikiria kiwanda hicho swali moja hunijia: chombo kinachobeba sauti, je, kinaweza pia kubeba ukaribu wa watu wawili? Na je, kinaweza kumsaidia mgonjwa? Leo nataka tulifuate swali hilo kihistoria. Jibu lake linaanzia mbali kidogo na Gilgil, lakini limo ndani ya Kiswahili.

Tuanze na enzi ya KPTC. Shirika hilo lilitokana na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na likagawanywa mwaka 1999 tukapata Telkom Kenya, Posta na tume ya mawasiliano. Mwaka huo wa 1999 Kenya ilikuwa na watu zaidi ya milioni 28, na laini za simu za mezani hazikufika 400,000. Kwa wengi, simu ilikuwa kibanda cha barabarani. Unaingia na sarafu zako mkononi, nyuma yako kuna foleni, na sarafu ikiisha maneno nayo yanaisha. Ungeweza kutangaza msiba au kuomba karo. Lakini mambo ya moyoni hayasemeki huku mtu wa nyuma anagonga kioo.

Ndiyo maana salamu zilitafuta njia nyingine. Wakubwa wenzangu watazikumbuka kadi za salamu za KBC: unanunua kadi, unaandika majina ya ndugu na marafiki, unaituma, halafu unakaa kando ya redio kusubiri usomwe. Jirani zetu walikuwa na Redio Tanzania na kipindi chake cha Ugua Pole, cha salamu za wagonjwa. Ukizipima salamu hizo kwa taarifa zilizobeba, ni karibu sifuri. Ukimuuliza mgonjwa aliyesikia jina lake likitajwa, atakupa hesabu nyingine.

Nje ya Afrika Mashariki, watu wengine walikuwa wanajaribu mambo mawili tofauti.

La kwanza lilianza London mwaka 1953. Kasisi Chad Varah alitangaza namba ya simu kwa ajili ya watu waliofikia hatua ya kutaka kujiua. Kazi hiyo ikazaa shirika la Samaritans. Jambo lililojitokeza mapema ni kwamba wapigaji wengi hawakuhitaji mtaalamu wa kuwapa ushauri. Walihitaji mtu wa kuwasikiliza, na watu wa kujitolea waliweza kuifanya kazi hiyo. Baadaye mfano huo ukaenea duniani. Hapa kwetu kuna Befrienders Kenya, na kwa watoto kuna namba 116 ya Childline Kenya.

La pili linatuhusu zaidi sisi waandishi wa programu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alichapisha maelezo ya programu iitwayo ELIZA. Iliiga mtindo wa tabibu wa nafsi ambaye humrudishia mgonjwa maneno yake kama swali. Ndani yake hamkuwa na uelewa wowote. Ilitafuta neno kuu katika sentensi, ikageuza "mimi" kuwa "wewe", ikabandika swali mbele. Ukiijenga kwa Kiswahili, mtu akiandika "mama yangu hanisikilizi", itamjibu "kwa nini unafikiri mama yako hakusikilizi?" Kazi yote ni kubadili viambishi! Hata hivyo watu waliifungulia mioyo. Weizenbaum alisimulia jinsi katibu wake mwenyewe, ambaye alimwona akiitengeneza, alivyomwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Jambo hilo lilimtia wasiwasi kiasi kwamba mwaka 1976 alitoa kitabu kizima cha kuonya kwamba kuna kazi ambazo kompyuta haifai kupewa, hata kama inaziweza.

Basi tukawa na njia mbili: London mtu yuko upande wa pili wa waya, MIT hayuko mtu. Kenya ilikuja kupata njia ya tatu, na hapo ndipo utamu ulipo.

Safaricom iliundwa mwaka 1997, na kuanzia mwaka 2000, Vodafone ilipoingia na Kencell ikafungua milango, simu za mkononi zikaanza kusambaa. Muda wa maongezi ulikuwa ghali, watu wakaunda lugha yao. Ukimpigia mtu na kukata kabla hajapokea, umemwambia "nimefika salama" au "nipigie wewe" bila kulipa hata senti. Arafa nazo zikawa barua za watu wasio na stempu.

Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa, na dunia ikatazama pesa. Miezi miwili baadaye, bila kelele, jaribio lingine likaanza katika kliniki tatu za wagonjwa wa UKIMWI: mbili Nairobi na moja Kajiado. Liliitwa WelTel. Tatizo lenyewe lilikuwa hili: dawa za kupunguza makali ya virusi zinatakiwa zimezwe kila siku, maisha yote. Mgonjwa akiruka vidonge mara kwa mara, virusi vinaweza kuwa sugu na dawa ikashindwa. Watafiti wakachukua wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza dawa, wenye simu au wenye kuifikia kwa urahisi, na kuwagawa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili lilipata huduma hiyo hiyo pamoja na arafa moja kila wiki kutoka kwa muuguzi, yenye neno moja: "Mambo?"

Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48. Akiwa mzima, anajibu "Sawa". Akiwa na tatizo, anajibu "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na muuguzi, na aliyekaa kimya naye alipigiwa.

Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2010. Waliomeza dawa inavyotakiwa, kwa maelezo yao wenyewe, walikuwa 168 kati ya 273 katika kundi la arafa, yaani asilimia 62. Kundi la kawaida walikuwa 132 kati ya 265, asilimia 50. Maneno ya mgonjwa yanaweza kuwa na chumvi, kwa hiyo damu ikapimwa pia: virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 dhidi ya 48. Yote hayo kwa neno la herufi tano!

Lichunguze neno hilo kama unavyochunguza msimbo wa mwenzako. Kwanza, halitaji ugonjwa wala dawa. Mume, dada au jirani akiishika simu, anaona salamu tu. Katika nchi ambayo simu moja ilitumiwa na watu wengi na ugonjwa ulifichwa, hiyo ilikuwa siri iliyolindwa bila nywila. Pili, ni swali. Linamwachia mgonjwa nafasi ya kusema.

Tatu, na hili ndilo kubwa, liliruhusu jibu ambalo adabu yetu hulichelewesha. Mswahili akiulizwa "habari?" hujibu "nzuri", hata kama amelala hospitali. Shida huja baadaye: "nzuri, ila homa haijaniacha". "Mambo?" nayo ina jibu lake la vijiweni, "poa". WelTel iliweka "Shida" mlangoni kabisa, ikawa halali kama "Sawa". Na kimya nacho kikahesabiwa kuwa jibu. Wagonjwa walipohojiwa, baadhi walieleza kwamba walihisi kuna mtu anayewajali.

Jaribio hilo lilikuwa linaendelea vurugu zilipolipuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Sisi wa Bonde la Ufa hatujasahau Januari 2008, Naivasha na Nakuru zilipowaka. Simu zile zile zilizouliza "uko salama?" zilibeba pia arafa za chuki. Chombo hakikuchagua.

Nisiipambe hadithi hii kupita kiasi. Jaribio jingine, la Chulaimbo karibu na Kisumu, lililochapishwa mwaka 2011, lilitumia arafa za kukumbusha tu. Za kila wiki zilisaidia: asilimia 53 walifikia kiwango kizuri cha kumeza dawa, dhidi ya 40 ya wasiopata arafa. Za kila siku hazikusaidia, na kuongeza maneno ya kutia moyo hakukuleta faida zaidi. Mtu akikumbushwa kila siku, huzoea kelele. Tena mwaka 2018 yalitoka matokeo ya Kibera, ambako mtindo wa WelTel ulijaribiwa kwa watu 700 ili wasiache kuhudhuria kliniki mwaka wa kwanza. Haukuleta tofauti. Salamu ina mipaka yake. Haijengi barabara ya kufika kliniki wala haimpi mtu ruhusa kazini.

Kwa nini nimeyachimbua haya leo? Hivi karibuni kliniki moja ya eneo hili, sitaitaja, iliniomba niiandikie programu ya kuwakumbusha wagonjwa wa shinikizo la damu. Mtumaji awe seva, na arafa zisiweze kujibiwa. Kiufundi ni kazi ya jioni moja. Siku hizi pia ningeweza kuunganisha akili bandia ijibu kila "Shida" kwa Kiswahili kitamu, saa nane za usiku, bila mshahara. Ni ELIZA aliyesoma sana. Mgonjwa angefarijika, na pengine asingejua kwamba hakuna mtu aliyeisoma shida yake.

Niliwaeleza habari za WelTel. Tukakubaliana hivi: hifadhidata itakuwa na hali tatu, sawa, shida na kimya, na hakuna arafa itakayotoka kabla hatujaandika kwenye mfumo jina la muuguzi atakayepiga simu. Sehemu hiyo bado ni tupu, kwa sababu wauguzi ni wachache na kila mmoja ana foleni mlangoni. Programu imekamilika, inamsubiri mtu.

Kama unajenga mfumo wa aina hii, iwe Eldoret, Mwanza au Goma, niandikie unieleze umeijazaje sehemu hiyo. Naisubiri barua yako kwa hamu.