Jinsi majimbo ya Marekani yanavyomlinda mnunuzi wa fransaizi

FRANSAIZI ni mfumo ambapo kampuni yenye jina linalojulikana humruhusu mtu kuendesha biashara kwa kutumia jina hilo na mbinu zake za kazi. Mnunuzi hutoa ada ya kuanzia, kisha kwa kawaida huendelea kulipa sehemu ya mapato yake muda wote wa mkataba.

Mfumo huu ulienea kwa kasi nchini Marekani miaka ya 1950 na 1960. Baadhi ya wauzaji waliahidi faida isiyokuwepo, na watu waliotoa akiba yao ya maisha wakabaki mikono mitupu.

California ndilo jimbo lililotangulia kuchukua hatua kwa kupitisha sheria mwaka wa 1970. Muuzaji alitakiwa kujisajili kwa serikali ya jimbo na kumfichulia mnunuzi habari muhimu mapema.

Tume ya Biashara ya serikali kuu, FTC, ilitoa kanuni yake mwaka wa 1978 na kuifanyia marekebisho mwaka wa 2007. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, mnunuzi sharti apewe hati yenye vipengele 23 angalau siku 14 kabla ya kutia saini au kulipa chochote.

Hati hiyo hueleza kesi zilizomkabili muuzaji, gharama za kuanzisha biashara, hesabu zilizokaguliwa na idadi ya matawi yaliyofungwa. Aidha, huorodhesha wanachama waliojitoa karibuni, ili mnunuzi awaulize yaliyowapata.

Hata hivyo, FTC haiikagui hati hiyo kabla ya kutolewa, wala aliyelaghaiwa hawezi kushtaki kwa kutegemea kanuni hiyo pekee.

Pengo hilo huzibwa na sheria za majimbo. Zaidi ya majimbo 10, yakiwemo New York, Illinois na Maryland, hudai usajili kabla ya mauzo. Iwapo hali ya kifedha ya muuzaji ni dhaifu, maafisa wanaweza kuagiza ada isipokewe hadi biashara ifunguliwe. Aliyedanganywa naye huweza kudai fidia mahakamani.

Usajili, lakini, si ithibati kwamba biashara italeta faida. Muuzaji halazimiki kutaja mapato ya matawi yake, ila akinyamaza katika hati, haruhusiwi kumnong'onezea mnunuzi takwimu hizo pembeni. Mnunuzi anayesikia ahadi ambayo haimo katika hati ana sababu tosha ya kuifunga kalamu yake.