Mbele, Ubavuni au Nyuma: Mabishano ya Nyonga Yaliyofika Toronto

Tangu Machi 2020, matabibu wa Toronto walipotangaza katika jarida la JAMA hesabu ya wagonjwa zaidi ya 30,000 wa jimbo la Ontario waliobadilishiwa nyonga baina ya 2015 na 2018, majadiliano juu ya mahali pa kupitisha kisu, mbele, ubavuni au nyuma ya nyonga, yamezidi ukali. Na kwa kuwa wenye kuisifu njia ya mbele huinadi kana kwamba imezuka jana, yafaa taarikhi yake ielezwe.

Hueter, mpasuaji Mjerumani, aliieleza katika karne ya 19, Smith-Petersen wa Boston akaieneza tangu 1917, na Judet wa Paris akaitumia kutia viungo bandia kabla Charnley, Mwingereza, hajaleta mwaka 1962 nyonga ya chuma na plastiki iliyo asili ya hizi za leo. Toronto nayo ina fahari yake: tabibu James Bateman, aliyeasisi mwaka 1955 hospitali ya mifupa katika mtaa wa Wellesley, alitoa mwaka 1974 kiungo chenye kichwa kidogo kinachozunguka ndani ya kikubwa. Hospitali hiyo ilitiwa chini ya hospitali ya Sunnybrook mwaka 1998, na wapitao mtaa ule leo, naona, aghalabu hawalijui jina la Bateman.

Ama ugomvi wenyewe, asili yake ni misuli. Apitaye nyuma hukata misuli mifupi kisha akaishona, ndipo mgonjwa akakatazwa kwa wiki kadhaa kuinama sana au kukunja nne, asije akateguka, nalo si katazo jepesi kwa mtu wa pwani aliyezoea kuketi mkekani na kusujudu. Apitaye ubavuni huupasua msuli unaoisimamisha nyonga, kwa hiyo wengine huchechemea. Ilhali apitaye mbele hupenya baina ya misuli bila kuikata, na wagonjwa, waliokwisha kusikia sifa hizo, wakaanza kuiomba njia hiyo kwa jina.

Hesabu ya Toronto ikazipunguza makali sifa hizo. Miongoni mwa waliolinganishwa kwa umri na maradhi, waliopatwa ndani ya mwaka mmoja na madhara makubwa, yaani uambukizo wa ndani, kuteguka au kurudiwa upasuaji, walikuwa kama 2 katika 100 kwa njia ya mbele, na 1 katika 100 kwa hizo nyingine. Watetezi wa njia ya mbele wakajibu kwamba wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, tena wapasuaji wengine walikuwa wangali wakijifunza. Hoja ya haki, lakini mgonjwa anayejifunziwa hakuwa ameambiwa hivyo katika matangazo. Na ile nafuu ya mapema, ambayo kweli ipo katika wiki za kwanza, baada ya miezi michache haionekani tena.

Siku hizi wagonjwa wengine, kwa njia yoyote ile, hurudi kwao siku ile ile kwa mikongojo.