Karatasi, Shamba na Bei ya Mapea

Kuna hoja moja ambayo ukiishi Brussels huwezi kuikwepa. Utaisikia redioni, kwenye tramu, hata mezani kwetu siku ya Jumapili: eti watu wasio na karatasi wakipewa karatasi na kulipwa kama wengine, chakula kitapanda bei, na watakaoumia ni maskini wa hapa hapa. Kwenye kipindi cha wiki hii tuliigusa haraka haraka. Hapa nataka kuirudia taratibu, maana sisi ambao wazazi wetu walitoka Kongo tunaijua hoja hii kuliko tunavyodhani. Babu zetu walifanyiwa hesabu hiyo hiyo, ila wao walikuwa kwenye ardhi yao wenyewe.

Tuanze mwaka 1917. Tarehe 20 Februari, vita vya kwanza vikiwa bado vinaendelea, serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilitoa amri ya kilimo cha lazima. Kijiji kingeweza kulazimishwa kulima mazao yaliyochaguliwa na wakubwa, mpaka siku 60 kwa mwaka. Kwa maneno ya serikali, hiyo ilikuwa elimu: mwenyeji anafundishwa kazi. Kwa vitendo, pamba ilikwenda kwenye viwanda, na mpunga, mahindi na mihogo vilikwenda kulisha miji na migodi.

Mkulima alilipwa, ndiyo. Lakini alilipwa bei iliyopangwa na serikali, na kwa pamba kila eneo lilikuwa na kampuni yake moja iliyoruhusiwa kununua. Huwezi kubeba gunia lako kwa jirani anayetoa zaidi, maana jirani huyo hayupo. Ukikataa kulima, kuna faini, kuna jela, na mjeledi uliendelea kutumika mpaka miaka ya 1950. Mwaka 1942, vita vya pili vilipohitaji mali zaidi, siku 60 zikawa 120.

Kwa nini chakula kilitakiwa kiwe rahisi hivyo? Angalia Katanga. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ililisha wafanyakazi wake kwa posho: unga, samaki, maharage, vinagawiwa kwa kipimo. Neno hilo limeacha alama mpaka leo. Kwa Kilingala wiki inaitwa mposo, na inasemekana limetoka kwenye posho ile iliyogawiwa wiki kwa wiki. Sasa fikiri kama mhasibu wa kampuni. Posho ni sehemu ya mshahara. Mahindi yakiwa rahisi, mshahara ni mdogo, na shaba inatoka kwa gharama ndogo. Kwa hiyo mtu aliyelima mahindi mbali kabisa na mgodi alikuwa anachangia faida ya mgodi bila kuuona hata siku moja.

Halafu kulikuwa na karatasi. Mwanakijiji aliyetaka kuhama eneo lake alihitaji kibali, kilichoitwa passeport de mutation. Bila hicho, akikamatwa mjini, anarudishwa. Yaani mtu aliweza kuwa bila karatasi ndani ya nchi yake mwenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo historia hii inapotufikia. Karatasi ile ilimfunga mtu kwenye shamba, na mtu aliyefungwa kwenye shamba hawezi kujadili bei.

Walipojaribu kujadili, tunajua kilichotokea. Mwaka 1911 William Lever alipewa maeneo makubwa ya michikichi, na kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ikawa inasafirisha mawese kwa ajili ya sabuni na majarini za Ulaya. Uchumi wa dunia ulipoanguka baada ya 1929, bei waliyolipwa wakata chikichi ilishushwa. Kodi haikushuka. Mwaka 1931 Wapende wa Kwilu waliasi, na ofisa mmoja Mbelgiji, Maximilien Balot, aliuawa. Jeshi lilijibu kwa risasi, na zaidi ya Wapende 500 walikufa. Ulaya iliendelea kupaka majarini ya bei nafuu kwenye mkate, na wachache sana waliuliza imetoka wapi.

Sasa tuje huku, kwenye mashamba yaliyo mwendo wa saa moja hivi kutoka Brussels. Upande wa Sint-Truiden, huko Haspengouw, ni nchi ya mapea na matofaa. Tarehe 1 Agosti 1974 Ubelgiji ilifunga mlango wa wafanyakazi wapya kutoka nje. Migodi ya makaa ilikuwa inafungwa, viwanda vinayumba, na serikali ikasema mikono inatosha. Lakini tunda halijui sheria za uhamiaji. Likiiva linataka kuchumwa wiki hiyo hiyo. Tangu miaka ya 1980 Wapunjabi walianza kufika huko, wengi wao Masingasinga, na wengi hawakuwa na karatasi. Baada ya 1991, Wapoland waliporuhusiwa kuingia bila viza, nao walikuja kwa msimu, wakiwa na haki ya kutembea lakini si ya kufanya kazi.

Serikali ilijua. Jibu lake likawa kadi ya wachumaji. Kwa miaka mingi kibarua wa bustani za matunda na mboga aliruhusiwa siku 65 kwa mwaka, na mwajiri alilipa mchango wa hifadhi ya jamii kwa kiwango maalum cha chini, si kwa mshahara halisi. Nilipoweka namba hizi mbili pamoja, 60 za kulazimishwa na 65 za kuruhusiwa, nilitulia kidogo. Si kitu kimoja. Mchumaji wa Limburg hapigwi mjeledi, na kadi ni haki kuliko giza. Lakini pande zote mbili ni serikali iliyokaa ikapanga sheria ya pekee kwa ajili ya shamba, ili kazi ya shamba iwe rahisi kuliko kazi nyingine.

Basi, je, karatasi zilipandisha bei? Tuna historia ya kuangalia. Mwaka 1998 Semira Adamu, msichana wa Nigeria mwenye miaka 20, alikufa baada ya kukandamizwa kwa mto akifukuzwa kwa ndege kutoka Brussels. Nchi ilitikisika, na sheria ya tarehe 22 Desemba 1999 ikafungua njia ya kupata karatasi. Watu wapatao 50,000 walihusika katika maombi ya Januari 2000, wakiwemo watu wa mashambani. Baadaye Poland iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, na kufikia Mei 2009 Wapoland wakawa huru kufanya kazi hapa. Waromania na Wabulgaria wakafuata Januari 2014. Makundi yote hayo yalitoka gizani, na mapea hayakutoweka sokoni.

Kisha tazama kilichotokea Agosti 2014. Urusi, iliyokuwa mnunuzi mkubwa kabisa wa mapea ya Ubelgiji, ilifunga soko lake kwa matunda ya Ulaya. Bei ya mkulima iliporomoka. Wachumaji wakati huo walikuwa wengi wao watu wenye karatasi kamili. Yaani bei ilianguka kwa sababu ya siasa za Moscow na Brussels, na mshahara wa mchumaji haukuwa na neno lolote katika jambo hilo.

Tufanye na hesabu ndogo ya kudhania. Tuseme mchumaji anagharimu euro 14 kwa saa na anachuma kilo 100 za mapea. Hiyo ni senti 14 kwa kilo. Mwongezee nusu ya mshahara, inakuwa senti 21. Senti saba hizo, nani hawezi? Ila tuwe wakweli: stroberi ni habari nyingine. Akichuma kilo 15 kwa saa, kazi ni karibu senti 93 kwa kilo, na nyongeza ile ile ya nusu ni karibu senti 47. Hapo mteja ataona tofauti. Kwa hiyo anayesema mshahara haugusi bei hata kidogo anadanganya, na anayesema mshahara wa haki utatuua njaa anadanganya zaidi.

Mkulima naye tusimsahau. Tarehe 1 Februari 2024 matrekta zaidi ya elfu moja yaliingia Brussels, wakachoma matairi Place du Luxembourg, dakika chache tu kwa miguu kutoka Matonge yetu. Kilio chao kimoja kilikuwa hiki: maduka makubwa yanaamua bei, sisi tunapewa tu. Ukisikiliza vizuri, ndicho alichosema mkata chikichi mwaka 1931. Tofauti ni kwamba mkulima wa Ulaya anaweza kuleta trekta lake mpaka mlangoni mwa Bunge. Kibarua asiye na karatasi hawezi hata kumwita polisi akinyimwa mshahara, akihofia yeye ndiye atakayekamatwa.

Tuliona mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa korona. Mara moja siku 65 ziliongezwa mara mbili, na waomba hifadhi wakarahisishiwa kuingia kazini. Wasio na karatasi hawakuguswa. Mwaka uliofuata, kuanzia 23 Mei mpaka 21 Julai, zaidi ya 400 kati yao waligoma kula katika kanisa la Béguinage na katika vyuo vya ULB na VUB. Wengi walikuwa wameishi na kufanya kazi hapa miaka mingi. Ahadi walizodhani wamepewa ziliwapa karatasi wachache tu.

Jambo moja la mwisho, kwa sababu huenda una binamu au rafiki aliye katika hali hiyo. Tangu sheria ya tarehe 11 Februari 2013, mfanyakazi asiye na karatasi ana haki ya kudai mshahara wake aliofanyia kazi, na mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo, inachukuliwa kwamba amefanya kazi angalau miezi mitatu. Shirika la FAIRWORK Belgium, hapa hapa Brussels, linasaidia watu kudai. Mwambie aandike tarehe, saa, anwani ya shamba, apige picha za mahali pa kazi na ahifadhi ujumbe wa simu. Wazee wetu waliolima zile siku 60 hawakuwa na pa kupeleka daftari lao. Yeye anapo.