Bengamisa: Sanamu za mababu ambazo wanafunzi wetu hawajaziona

Kabla ya ubao na chaki kufika Tshopo, vijana wa hapa walikuwa tayari wanapelekwa kuangalia sanamu ili wajifunze. Kwa Wambole, kijana aliyeingizwa katika lilwa alionyeshwa ofika: mtu wa mti, mabega yameinama, miguu inaning'inia. Ni sura ya mtu aliyenyongwa kwa kuvunja sheria ya lilwa. Ofika haikuwa pambo la nyumba. Wazee waliitumia kufundisha sheria.

Lilwa ilijulikana pia kwa Walengola, ambao nao walichonga sanamu zao.

Leo mwanafunzi wa Bengamisa, karibu kilometa 50 kutoka Kisangani kwa barabara ya Banalia, hawezi kuziona kwa safari ya siku moja. Wakati wa ukoloni, maofisa, wamisionari na wafanyabiashara walikusanya vitu vya namna hiyo Kongo nzima. Vingine vilinunuliwa, vingine vilinyang'anywa. Vingi viko Tervuren, Ubelgiji, na katika makumbusho mengine ya Ulaya na Marekani.

Mwaka 2017, Faustin Linyekula, msanii wa dansi mwenye Studios Kabako hapa Kisangani, alialikwa na Metropolitan Museum ya New York. Humo alikuta sanamu ya Kilengola, ukoo wa mama yake, imewekwa stoo. Alitengeneza mchezo akauita Banataba, jina la kijiji cha upande wa mama.

Kurudisha kumeanza, lakini polepole. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha vitu 114 kutoka Tervuren. Juni 2022 Mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho. Kiko katika makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa 2019. Kwa mtoto wa Bengamisa, hata Kinshasa ni mbali.

Jambo hili linagusa jamaa zilizohama. Tangu 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola, yaliyoanzia kwa ugomvi wa ardhi huko Lubunga, yamefukuza maelfu ya watu vijijini. Watoto wa pande zote mbili wamekua wakisikia habari za nyumba kuchomwa. Wachache wameambiwa kwamba mababu zao walijua lilwa pande zote mbili.

Mwalimu asiye na pesa ya safari anaweza kuanza na wazee. Wapo Bengamisa, wapo pia mahali wanapokaa waliohama. Wakimbiaji hao hawakubeba sanamu, lakini wanajua zilichongwa kwa mti gani, zilitolewa lini, nani aliruhusiwa kuziona. Tusipowauliza sasa, siku sanamu zitakaporudi hatakuwepo mtu wa kuwaeleza watoto zilikuwa za kazi gani.